Hereni za Uso wa Bibi

Tarehe 4 Septemba

Leo asubuhi mume wangu Mahmudu ameondoka kwenda Nanganga kusimamia ghala la korosho, na hatarudi kukaa nyumbani mpaka minada iishe. Ameniachia nyumba, kuku na onyo: "Mama Mujibu, msimu huu punguza kuchunguza watu." Nimemwambia mimi sichunguzi watu, nina macho tu, na macho nimepewa na Mungu bure. Amecheka, akapanda pikipiki. Kwa kuwa sasa sina wa kumwambia ninayoyaona, nitaliambia daftari hili. Angalau lenyewe halitaniambia ninyamaze.

Kazi yangu ni hereni. Chumba cha nyuma, alichokuwa akilala mwanangu kabla ya kwenda chuo Mtwara, nimekigeuza karakana: meza nzito, kipande cha reli cha kufulia shaba, nyundo, koleo, tupa, na msumeno wa uzi mwembamba ambao ukiukasirikia tu unakatika. Shaba tunaitoa kwenye mabomba mabovu na masinia yaliyotoboka. Nasema tunaitoa kwa sababu siko peke yangu, niko na Shamila.

Tarehe 5 Septemba

Jana nililiacha jambo lenyewe. Nina mtindo mpya, na nimeutoa usoni mwa bibi yangu.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Mkunya, kule Newala. Mashavuni ana chale za Kimakonde za enzi zao: mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, mmoja ndani ya mwingine, na chini yake kitone. Mwezi wa saba nilimchora akiwa amesinzia kibarazani. Nikapunguza, nikanyoosha, nikapiga patasi kwenye shaba, na ikatoka hereni ambayo ukiitikisa unamwona Bibi anataka kukutania. Hakuna mtu mwingine mwenye mchoro huo, kwa sababu hakuna mwingine mwenye uso huo.

Na mistari yake ni myeusi. Hapo ndipo penye siri. Tunaiosha shaba kwa maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, mpaka ing'ae, tunapaka mafuta yanayotoka kwenye ganda la korosho, tunaiweka juu ya makaa. Mafuta yanaungua na kuganda ndani ya mistari. Ukipitisha msasa, juu panang'aa, chini panabaki peusi. Anayejua hivyo ni mimi na Shamila.

Tarehe 9 Septemba

Upepo na vumbi. Shamila ameungua kidole kwa yale mafuta. Nimempaka asali, akanitukana kidogo, tukacheka.

Tarehe 13 Septemba

Niandike kuhusu Shamila, ili nikija kusoma nijue nilianzia wapi.

Kwao ni Lupaso. Alikuja hapa Masasi baada ya kuachwa, na mtoto mgongoni, akaomba kazi ya kufagia. Nikamfundisha kushika msumeno. Yule mtoto wa mgongoni, Maryam, leo ananifikia begani, na nusu ya chakula alichokula maishani amekula kwenye sufuria zangu. Shule zikifungwa Desemba ataingia unyagoni.

Sasa nitasema neno ambalo siwezi kumwambia mtu. Sina mtoto wa kike, na katika umri huu hakuna aliyewahi kunikabidhi mwali nimfunde. Wenzangu wote wameshakuwa makungwi, hata Mama Huruma hapa jirani, ambaye hajui kupika ugali ukaiva. Mimi bado. Najua wanasema nina mdomo. Lakini Maryam nimemlea mimi. Nangoja Shamila aseme, na Shamila hasemi.

Tarehe 18 Septemba

Shamila ameniuliza, huku akipiga tupa kama mtu asiye na haja ya jibu, "Shoga, hivi Bibi wa Mkunya ukishuka kwenye gari unaelekea upande gani?"

Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Nimeuliza tu."

Mtu haulizi tu barabara ya kwenda kwa bibi wa mwenzake.

Tarehe 27 Septemba

Ameomba ruhusa ya siku nzima. Amesema ana shughuli ya kifamilia Lukuledi. Sawa, nenda.

Tarehe 28 Septemba

Bonifasi, dereva wa gari la Newala, amekuja kumchukulia mkewe hereni. Katika mazungumzo akasema, "Jana nimempandisha fundi wako mpaka Mkunya. Mcheshi yule!" Lukuledi iko huku, Newala iko kule. Hata mtoto wa chekechea anajua. Nimemfungia Bonifasi hereni zake vizuri.

Tarehe 3 Oktoba

Lile bati ninalokatia mfano wa hereni nimelikuta kulia kwa meza. Mimi naliweka kushoto.

Tarehe 5 Oktoba

Jana nilinyunyiza unga wa muhogo juu ya meza nione nani anashika vitu vyangu nikitoka. Leo nimekuta nyayo za kuku. Yule mwekundu naye anaanza kunitia wasiwasi, lakini hawezi kwenda Newala.

Tarehe 11 Oktoba

Mnada wa kwanza umefanyika na mji mzima una kelele. Wateja wengi. Shamila amefanya kazi nzuri mno, na ananichekea mno pia. Sikumbuki kama zamani alikuwa ananichekea hivi.

Tarehe 16 Oktoba

Maryam amepita kutoka shule, akakaa kunipangia kulabu. Nikamuuliza kwa utani, "Mwali wangu, kungwi wako nani?"

Akaziba mdomo kwa mkono, akacheka mpaka machozi. "Mama kanikataza kusema, Mama Mujibu."

Kwa hiyo yupo. Kungwi ameshapatikana na mtoto amefungwa mdomo nisijue. Nimempa andazi, amekula akaondoka anaruka. Mimi nimeshindwa kula. Imeniuma, na nimekasirika kwamba imeniuma.

Tarehe 21 Oktoba

Leo ndiyo siku.

Mwalimu Rose amekuja. Anafundisha Newala na ni mteja wangu wa siku nyingi. Amekaa, amekunywa maji, amesifia hereni zangu mpya, halafu akasema, "Lakini Mama Mujibu, ungeniambia kwamba na Newala unauza. Nisingepanda gari mpaka huku."

Nikamwambia mimi Newala siuzi.

Akatoa simu. Pichani kulikuwa na meza sokoni, na juu ya meza hereni zimepangwa kwenye kitambaa. Mistari inayopanda na kushuka, mmoja ndani ya mwingine. Chini kitone. Mistari myeusi. Uso wa bibi yangu mzima mzima, umewekwa mezani na mtu nisiyemjua.

"Anayeuza ni nani?"

"Dada mmoja anaitwa Veridiana. Ameanza mwaka huu huu."

Shamila alikuwa chumba cha nyuma, nyundo yake inasikika. Nilimsindikiza Mwalimu Rose mpaka barabarani, nikarudi, nikasimama mlangoni nikimtazama Shamila mgongoni. Aligeuka akaniuliza kama nimepata homa. Nikasema ni joto.

Sasa kila kitu kimekaa mahali pake. Aliuliza njia ya kwa Bibi ili akautazame uso mwenyewe. Alidanganya Lukuledi akapanda Newala. Bati la mfano lilihama. Na jambo la Maryam ni hilo hilo: mtu anayekuibia hawezi kukukabidhi mtoto wake, haya inamzuia. Na mafuta ya ganda la korosho tulikuwa tunayajua wawili tu.

Tarehe 22 Oktoba

Nimempigia Mahmudu. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umemuuliza mwenyewe?" Mwanamume huyu! Mwizi anaulizwa?

Tarehe 23 Oktoba

Shamila ameomba ruhusa tena, ya kesho. Nimempa kwa sauti tamu.

Tarehe 24 Oktoba

Nimefanya, na naandika jinsi nilivyofanya, kwa sababu najua kesho watu watasema vingine.

Asubuhi kibarazani kulikuwa na wanawake. Korosho zetu zilikuwa zimeanikwa, na Mama Huruma na wenzake walikuja kunisaidia kuchambua mbovu na nzima kabla hazijapelekwa ghalani. Shamila akapita kuaga, amevaa vizuri, mkoba umetuna.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Si nilikwambia jana, shoga. Lukuledi."

"Lukuledi ya wapi? Ya Newala?"

Mikono ya wale wanawake ikasimama juu ya korosho. Shamila akanitazama. Nikasimama, nikauvuta ule mkoba begani kwake. Aliushikilia kidogo, halafu akauachia, nadhani kwa sababu aliona watu wanatazama. Nikaumimina palepale juu ya mkeka.

Nilitarajia bati la mfano. Nilitarajia chupa ya mafuta, shaba yangu, chochote. Ilianguka doti ya kanga mpya, za rangi ya zambarau. Sabuni. Sukari. Na ugoro mwingi, umefungwa vizuri kwenye karatasi.

Nikaushika ule ugoro nikacheka kwa nguvu. "Oneni! Kumbe ana mzee wa kumhonga huko. Uso wa bibi yangu unauzwa sokoni Newala, na anayeupeleka namlisha mimi mwenyewe hapa nyumbani. Mwizi we!"

Shamila alikuwa amegeuka rangi. "Mimi mwizi?"

"Sema unakwenda wapi basi. Sema mbele ya hawa."

Alifungua mdomo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, alitaka kusema, midomo ikacheza, kisha akaifunga. "Siwezi kukwambia," akasema. "Siyo mimi wa kukwambia. Utaambiwa na mkubwa wako."

"Mkubwa wangu gani? Usinizungushe."

Alipiga magoti akaanza kuokota vitu vyake. Sukari ilikuwa imepasuka na kumwagika kwenye korosho. Aliyeinama kumsaidia ni Mama Huruma. Wengine walikuwa wanatazama chini. Mama Huruma akaikung'uta ile kanga, akaikunja upya, akamtilia mkobani, bila kunitupia jicho hata mara moja.

Shamila alipofika barabarani akageuka. "Kazi nimeacha, Mama Mujibu. Nakushukuru kwa ulivyonifundisha."

Miaka yote hii aliniita shoga. Leo ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina la mwanangu.

Tarehe 26 Oktoba

Nimefanya kazi peke yangu. Uzi wa msumeno umekatika kila nikishika.

Tarehe 30 Oktoba

Joto kali. Mama Huruma amepita na ndoo hakusalimia. Mayai yangu mawili hayapo. Siandiki kwamba ni yeye.

Tarehe 4 Novemba

Sauti ya Maryam nimeisikia barabarani na wenzake wakitoka shule. Nilisimama nikachukua andazi. Hawakuingia.

Tarehe 9 Novemba

Wanawake wakiniona sokoni Mkuti wanabadilisha mazungumzo. Nauliza bei ya nyanya, najibiwa bei ya nyanya, basi. Nawajua hawa, wanamtetea kwa sababu analia vizuri. Mimi silii, ndiyo kosa langu.

Mahmudu kaja kubadilisha nguo. Kaangalia meza ya karakana, upande mmoja vumbi. Akasema, "Kiti cha Shamila kinakutazama." Nimemtoa nje na kanzu yake.

Tarehe 14 Novemba

Kesho nakwenda Newala. Nitasimama mbele ya huyo Veridiana nimwambie hereni zake nilizichora mimi. Aniambie kwa mdomo wake alipewa na nani. Nikishapata jina nitarudi nalo, na hao wa kibarazani walisikie.

Tarehe 15 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia garini. Bonifasi aliniweka mbele, na njia nzima ya kupanda nilikuwa natunga maneno. Juu kulikuwa na ukungu na baridi, na mimi sikuchukua hata shuka. Meza nikaiona bila kuuliza. Veridiana ni mwanamke mnene, mcheshi, ana msalaba shingoni na masizi kwenye kucha. Nikachukua hereni moja. Nikaigeuza. Nikainusa.

Anayefanya kazi na mafuta ya korosho anajua harufu yake, haitoki wiki nzima. Hii haikuwa nayo. Nikapitisha ukucha kwenye mstari, weusi ukabaki kidoleni. Wangu hautoki hata kwa kisu.

"Huu weusi umeweka nini?" nikamuuliza.

"Masizi na mafuta ya nyonyo, dada. Ndivyo mabibi walivyokuwa wakipaka kwenye chale zao. Unatoka kidogo, lakini nitajifunza."

Picha ya simu haina harufu. Lakini bado nilikuwa na hasira ya kutosha. "Na mchoro? Nani kakupa mchoro wa uso wa bibi yangu?"

Akashangaa. "Bibi yako? Huu wa bibi yangu mimi. Anakaa Mkunya. Nilimchora akiwa amekaa, nikamwambia asicheke, akacheka."

"Bibi yako nani wa Mkunya?"

"Bibi Anjela."

Bibi Anjela! Nyumba yake na ya Bibi yangu zimegusana. Nimempa shikamoo tangu najifunza kusema, kila mara nikienda, napita mlangoni kwake, "Shikamoo Bibi," "Marahaba mjukuu," napita. Veridiana akamwachia jirani meza yake, tukaenda wote.

Walikuwa wamekaa mkeka mmoja, mabega yamegusana, wanapukuchua kunde. Nikasimama nikawatazama. Mistari inapanda na kushuka, mmoja ndani ya mwingine. Chini kitone. Shavu hili na shavu lile. Mimi ninayejisifu kwa macho, uso huo nimeupita maisha yangu yote.

Bibi akaona ninavyotazama akacheka, akaniita kwa jina langu la utotoni. "Wee Somoe, umeona jini?"

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi Anjela. Nyie... chale zenu zinafanana."

"Marahaba. Zisifanane kwa nini?" akasema Bibi yangu. "Tulitoka unyagoni pamoja, tukachanjwa siku moja, na fundi mmoja. Fundi yule alikuwa na mchoro wake, na kila mwaka mtindo mpya. Tulikuwa wasichana wengi. Huyu alilia, mimi sikulia."

"Ulilia," akasema Bibi Anjela. "Ulilia mpaka ukajikojolea."

"Muongo huyu. Wengine wamekufa, tumebaki sisi. Ndiyo tunakaa pamoja, kila mmoja akitaka kujiona anamtazama mwenzake."

Wakacheka. Veridiana akacheka. Mimi nilikaa chini kwenye ukingo wa mkeka. Ndipo nikaona Bibi amejifunga kanga mpya, ya zambarau.

"Bibi, kanga hii nani kakupa?"

Bibi akaacha kunde. Uso ukabadilika. "Si mwenzio, Shamila. Na ugoro huu wake. Mimi nilikuwa na hasira na wewe, ila nikasema ngoja aje mwenyewe."

"Hasira ya nini?"

"Ya kukataa mtoto wa watu."

Nikasema sikukataa mtoto wa mtu yeyote. Bibi akanieleza, polepole, huku akinusa ugoro. Kwao Shamila, mtu unayetaka awe kungwi wa mwanao humwambii mwenyewe. Unakwenda kwa mkubwa wake, na kwa vile mama yangu alishatangulia, mkubwa wangu ni Bibi. Unakwenda na kurudi, mikono mitupu kwanza, kisha na zawadi. Mkubwa akikubali, yeye ndiye anayempelekea mtu habari. Ukimwambia mwenyewe kabla, umeharibu, ni kama umemvizia asikatae. Bibi alikubali siku ya kwanza. Alikuwa anangoja mvua itulize vumbi aje Masasi kuniambia, na alishatunga mpaka wimbo wa kuingilia uani kwangu.

"Siku aliyoleta kanga," Bibi akasema, "nilidhani kaja kufurahi. Akaniwekea vitu vyote hapa, akasema, 'Bibi, zawadi ni zako, lakini ombi langu nalichukua. Mjukuu wako hana imani na mimi.' Sikumuuliza zaidi, alikuwa hawezi kusema."

Veridiana akaongeza taratibu, "Ndiye yule dada? Nilimkuta hapa siku hiyo. Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Nikamchemshia chai."

Hapo nililia. Mbele ya wote watatu, kwa sauti, na Bibi hakunitania.

Tarehe 16 Novemba

Nimerudi. Nimepita moja kwa moja mpaka chumba alichopanga Shamila. Kuna watu wengine. Amehamia kwao Lupaso.

Nimesimama kwenye mlango wa Mama Huruma, nikamwambia yote, na kwamba nilikosea. Akanisikiliza akiwa ameshika mwiko. "Mimi nilijua hukuwa sawa," akasema. "Mtu hamwagi mkoba wa mwanamke mwenzake, hata akiwa mwizi kweli."

Tarehe 18 Novemba

Lupaso. Mvua ya kwanza imenikuta njiani, nikafika nimelowa. Shamila alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba ya mama yake. Akaja, akanipa kanga kavu, akanipa uji. Kunikaribisha hakukosea hata kidogo. Ningefurahi kama angenifukuza.

Nikamwambia, "Shamila, nimetoka kwa Bibi. Nimeambiwa. Nimekukosea, na nilikukosea mbele za watu, na niko tayari kulisema mbele za watu hao hao."

"Nimeshasamehe, Mama Mujibu."

"Usiniite hivyo."

Akatabasamu kidogo, akatazama mvua. "Siku ile ningeweza kukwambia. Neno moja tu. Lilikuwa hapa mdomoni. Nikasema nikilitoa, Maryam ataingia unyagoni na kungwi aliyepatikana kwa kugombana. Nikalimeza."

"Bibi bado anakubali. Na mimi..."

"Nimemkabidhi kwa Mama Huruma," akasema. "Nilikwenda kwa dada yake mkubwa Lukuledi. Safari hii kweli nilikwenda Lukuledi." Akacheka, na mimi nikacheka, na ilikuwa mbaya kuliko kulia.

Nikamwomba basi arudi karakana, kiti chake kipo. Akasema Veridiana amemwita Newala, wakafanye pamoja. "Ameniomba nimfundishe kushika msumeno. Ya mafuta ya korosho sitamwonyesha, hiyo ni yako."

Nikamwambia amwonyeshe.

Tarehe 29 Novemba

Mvua.

Tarehe 6 Desemba

Maryam ameingia ndani na wenzake. Nimesikia kwa watu.

Tarehe 12 Desemba

Mahmudu amerudi, minada imekaribia kwisha. Hajasema "nilikwambia". Amekaa kwenye karakana kunishikia taa nikichonga, na hajui kushika taa.

Tarehe 22 Desemba

Leo mwali ametoka, nami nilikwenda Lupaso. Nilialikwa vizuri, kwa simu, kama wanavyoalikwa watu wote.

Uwanja umejaa, ngoma zinalia, matope hadi vifundoni. Shamila akaja mwenyewe mbio, akaniletea kiti cha plastiki, akakifuta kwa kanga yake. "Kaa hapa, Mama Mujibu, usichafuke." Wenyewe hawakuwa na viti. Wenyewe walikuwa ndani ya matope wanacheza. Mama Huruma alikuwa katikati, amefungwa kanga juu ya kanga walizomtupia, anaimba kwa sauti yake mbaya. Bibi yangu alikuwepo, amekaa na Bibi Anjela, wimbo aliotunga kwa ajili yangu hakuuimba.

Maryam akatolewa, amebebwa mabegani, mafuta yanang'aa usoni, kichwa ameinamisha kama alivyofundishwa. Masikioni ana hereni za uso wa Bibi, kazi ya mama yake. Walipopita karibu nami nilizitazama kwa macho haya haya, nikatafuta kosa. Mistari imenyooka. Weusi umeshika. Ni kazi safi kuliko yangu, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Nilitamani kusimama nimshike mtoto mguu, nikaogopa watauliza yule ni nani.

Mama mmoja wa Lupaso, mzee, amekaa chini pembeni ya kiti changu, akaniangalia ninavyofuta macho. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe, mwanangu, ni nani kwa mwali?"

Nikamjibu kwamba nimetoka Masasi.